Fimbo ya Kurukia Mfereji

Siku ile mjinga alikuwa Gijsbert, na mwenyewe hakatai. Anachobishia hadi leo ni kina cha ule mfereji tu.

Chama cha kuruka mifereji kwa fimbo kilimpa kazi ya kuandika maneno ya kuchongwa kwenye ubao wa mlango wa chama, na jina lake likae chini yake. Alikuwa amefundisha miaka thelathini, na jina lake halikuwahi kuchongwa popote. Fundi angefika saa nane mchana. Gijsbert akaandika kwamba polsstok, ile fimbo ndefu ya mchezo wao, ilipewa jina na warukaji wa zamani. Shangazi yake Marrigje, ambaye mfereji ni wake na ubao hauchongwi asipokubali, akasoma huku kashika ndoo ya maziwa.

"Siyo," akasema. "Stok ni fimbo, sawa. Lakini pols ni kule kuchokora maji ujue chini kuna nini. Wavuvi walichokora kwanza. Kuruka kumekuja baadaye."

"Hiyo umeitoa kitabu gani, shangazi?"

"Kitabu? Nimeokota mayai ya ndege kwenye malisho haya, nikivuka mifereji kwa fimbo, toka nina miaka sita. Hakuna aliyeniambia ruka kabla hajaniambia chokora."

"Hayo ni mazoea ya wakulima tu."

"Haya, vuka, mwalimu. Ukifika ng'ambo mkavu, ubao nakubali."

Gijsbert akachagua penye ukingo mzuri, pale wanaponywea ng'ombe. Akakimbia, akaichomeka fimbo, akapaa. Kwa kitambo kidogo alikuwa mrukaji kweli. Kisha fimbo ikazama kwenye tope lililokanyagwa na kwato kiangazi kizima, ikasimama wima katikati ya maji, naye kaing'ang'ania juu kama bendera iliyokosa upepo. Akaanza kuteremka, polepole kabisa. Maji yalipomfika kiunoni alikuwa amepata muda wa kujiuliza ni maneno mangapi aliyowafundisha watoto wa watu bila kuyagusa chini.

Marrigje akaweka ndoo chini, akachukua fimbo yake mwenyewe, akachokora hapa, akachokora pale, akasogea hatua tatu, akavuka bila hata kulegeza koti.

Gijsbert akatambaa hadi ukingoni, viatu kaviacha topeni, karatasi yake imelowa mfukoni.

"Kuanguka kwangu si ushahidi," akasema. "Utajuaje kama aliyelianzisha hilo neno alikuwa anachokora, haruki?"

Marrigje akamtazama toka kichwani hadi soksi.

"Kwa sababu yule hakuwa na suruali ya kubadilisha."