Miguu ya Sarnai

Mwanasha alitundika koti lake, akafungua kitabu kwenye sura ya Wamongolia, na Sarnai wa meza ya pili akaanza kucheza. Suruali yake ya kazini iligeuka joho la hariri ya buluu, bakuli zikajipanga juu ya kichwa chake, na midomo ikamvutika tabasamu ambalo hakulitaka.

"Kifunge, dada," Sarnai alisema kwa Kiingereza, mabega yakimtetemeka. "Nina chai mkononi."

Mwanasha akakifunga. Joho likawa suruali tena. Sarnai akapangusa kibodi, akaendelea na kazi.

Walikuwa wahariri katika ofisi ndogo ya vitabu vya shule huko Parramatta, Australia, mwaka 2016, na kitabu hicho cha historia ya Uchina walikuwa wakikitayarishia shule za Sydney. Mwandishi wake, Mchina, alisema kwamba khani mkuu, yaani mfalme wa kale wa Wamongolia, ni shujaa wa taifa letu, na enzi ya wajukuu wake ni enzi yetu. Ukurasa uliofuata, Wamongolia wenyewe walikuwa "jamii ndogo ipendayo kuimba na kucheza". Sarnai, Mmongolia mzaliwa wa mji wa Hohhot huko Uchina, aliyesomea uhandisi wa umeme na asiyependa kuimba hata bafuni, alitaka sentensi hiyo moja tu iondolewe.

Mwanasha alikereka kuliko alivyoonyesha. Hebu fikiria: babu wamemfanya wa kwao, wajukuu wamewafanya wageni! Mwenyewe kwao Mombasa alisomeshwa kitabu ambamo watu wa Pwani walitokea mara moja tu, kwenye picha, wakiwachezea wakubwa ngoma uwanja wa ndege.

"Mimi siupitishi ukurasa huu," alimwambia Omollo, mhariri mkuu, mtu wa Kisumu.

"Dada, hiyo ni approved version," alisema Omollo. "Deadline ni Friday. Na umwambie Sarnai acheze polepole, watu wa floor ya chini wamecomplain."

Sarnai hakuhitaji kutafsiriwa. Alivua viatu, akakanyaga zulia.

"Kifungue tena," alimwambia Mwanasha.

Joho likaja, bakuli zikaja, fidla ikalia ukutani. Sarnai hakutikisika. Jasho lilimtiririka, meno aliyauma, lakini nyayo zilibaki pale pale. Ngoma ilipokosa pa kuingilia ikahamia miguuni mwa Omollo. Alicheza vizuri kwa mtu wa umri wake. Aliomba kalamu, akaupitisha ukurasa yeye mwenyewe, saini ikipanda na kushuka.

Kitabu kikatoka. Katika shule za Auburn na Liverpool, huko huko Sydney, walimu walicheza kila walipofika kwenye ukurasa ule, na wanafunzi wakawangoja wamalize. Barua za malalamiko zikaja, ofisi ikakaa kikao. Toleo la pili lilikuwa na sentensi ile ile, na chini yake agizo kwa mwalimu: sogeza madawati kabla ya kusoma.

Sarnai alilisoma agizo hilo akiwa amesimama wima ndani ya joho lake.

"Wacheze," alisema. "Wacheze mpaka waifute sentensi hiyo."

Mwanasha alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akakichukua kitabu, akakipeleka mezani kwa Omollo, akakiacha wazi. Omollo alikuwa akizungumza na mteja kwa simu. Aliinuka, mabega yakaanza kucheza, akaomba radhi kwa kuhema, kisha akaendelea kueleza kwamba sentensi ile haina tatizo lolote.