Lightness wa Kuazima

Hakuna mtu Songea nzima anayeujua mpira wa kikapu kama mimi. Niliutazama mchezo mzima kwenye televisheni ya jirani, mwanzo hadi mwisho, ndipo nikauliza golikipa kaenda wapi. Basi mambo ya vikapu tuwaachie wenyewe. Hapa mtapata habari ya woga, na woga ninaujua kweli.

Mwenye woga huo aliitwa Biasha, muuza chapati kwenye mgahawa wa Chuo cha Lizombe, Mfaranyaki. Mwanamke wa Tunduru, mrefu kiasi kwamba akitaka sufuria ya juu kabatini hatafuti kiti. Alipokuwa sekondari alicheza mpira wa pete, kwa hiyo jioni chapati zikiisha wasichana wa chuo walimwita uwanjani awajazie idadi. Alicheza na kanga kiunoni, akiutupia mpira kikapuni kama mtu anayetupia kuni mekoni.

Mwaka huo mashindano ya taifa ya vyuo yakaletwa Songea. Mwenyeji hawezi kuachwa nje ya mlango wake mwenyewe, na ndiyo sababu pekee Lizombe wakaingizwa. Gazeti moja liliwataja mwisho kabisa, tena likakosea jina. Wachezaji walikuwa watano tu, wenzao wametawanywa wilayani kwa mafunzo ya vitendo. Halafu, siku moja kabla ya ufunguzi, mmoja wao, Lightness, akateguka mguu kwenye ngazi za bweni. Wakabaki wanne, na timu ya watu wanne hairuhusiwi kuanza mechi.

Mwalimu Thadei, kocha wao, akaingia mgahawani na kuurudishia mlango nyuma yake.

"Dada Biasha, tunakuomba uwe Lightness."

"Niwe nini?"

"Lightness. Mechi mbili tu za makundi. Tutafungwa, tutapeana mikono, utarudi kwenye chapati zako. Nani ahangaike kumkagua mtu anayefungwa?"

"Na wakinishika?"

"Hawakushiki."

"Nimeuliza wakinishika, mwalimu."

Thadei akakohoa. "Wakikushika, timu inafungiwa, mimi kazi sina, na wewe mgahawa huu utausikia kwa jirani. Lakini hawakushiki."

Biasha alikuwa mtu wa kuvuka barabara akimwona askari wa usalama barabarani, na gari hana. Angekataa. Lakini alipelekwa bwenini akamkuta Lightness amelala, mguu umevimba kama boga, machozi yanaingia masikioni. "Dada, tumejifua mwaka mzima ili tuitwe tu majina uwanjani."

Biasha akavua mtandio, maana kwenye picha ya kitambulisho Lightness alikuwa kichwa wazi. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi tii. Ungeweza kuapa ni Lightness, ni Biasha, au ni chungu cha maharage. Lakini upepo wa uwanjani ulipompiga kichwani, Biasha alijiona kama yuko katikati ya soko bila nguo.

Kabla ya mechi ya kwanza wasichana wakashikana mikono, wakasali, wakapiga ishara ya msalaba. Biasha naye akainua mkono, akaanzia puani.

"Paji la uso kwanza," akanong'ona Beata, nahodha. "Siyo pua."

Sasa sikilizeni woga unavyofanya kazi. Biasha hakutaka kutazamwa, na mtu mwenye mpira ndiye anayetazamwa. Kila alipopewa mpira aliutupa haraka uende zake, na mahali pa kuutupa palipokuwa karibu ni kikapuni. Ukaingia. Akapewa tena, akautupa tena kama amekabidhiwa kaa la moto, ukaingia tena. Wasichana kutoka Mwanza, waliokuja na viatu vya kung'aa, wakabaki wanaangaliana.

"Si ulisema tutafungwa!" Biasha akamwambia Thadei.

"Nilisahau," akajibu Thadei. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Mechi ya pili nayo wakashinda. Robo fainali wakashinda. Kila ushindi ulimwongezea Biasha watu wa kumtazama, na wengi wao walikuwa wateja wake. Mfaranyaki yote ilikuwa pale imejipanga kwenye uzio. Abasi wa bodaboda akajisahau.

"Biasha! Kesho niwekee mbili za moto!"

Mama mmoja akamziba mdomo kwa ncha ya kanga. Tangu hapo mtaa mzima ukamwita Lightness kwa kelele za kupita kiasi, huku wakibanana mbavu. "Lightness, jana chumvi ilizidi!" "Lightness, chenji yangu!" Wao walicheka. Biasha alijikunyata nyuma ya Beata, kwa sababu mtu mmoja pale hakucheka.

Huyo alikuwa Bwana Kajetani wa kamati ya mashindano. Mwembamba, miwani imeshuka puani, na kazi yake ilikuwa moja: kuwanasa mamluki, yaani wachezaji wa kuazima wasiokuwa wanafunzi. Asubuhi ya nusu fainali alikuwa ameshairudisha timu moja kwao. Biasha aliwaona wale wasichana wakipanda basi na mabegi yao wakilia kwa sauti, na mamluki wao amekaa peke yake kiti cha nyuma, hakuna anayemsemesha. Hakuweza kunywa hata chai.

Wakashinda nusu fainali. Bwana Kajetani akaja kukaa naye benchini.

"Lightness, unasoma nini?"

"Maendeleo ya jamii." Hilo alilikariri.

"Somo gani unalipenda?"

Biasha akatafuta kichwani, akakuta unga wa ngano tu. "Hesabu."

"Maendeleo ya jamii mnasoma hesabu?"

"Hatusomi. Ndiyo maana nalipenda."

Bwana Kajetani akatabasamu kwa mdomo, macho hayakushiriki. Akasema, "Tutaonana fainali, binti," na hilo neno binti akalivuta kidogo.

Ikafika siku ya fainali. Wapinzani walitoka Dar es Salaam, mabingwa, warefu wote kama yeye. Robo ya tatu ilipokwisha Lizombe walikuwa nyuma kwa pointi chache. Beata akamsogelea, amebadilika rangi.

"Baba yake Lightness yuko jukwaani."

"Baba yake nani?"

"Baba yako."

Redio ndiyo iliyofanya hayo. Wiki nzima ilimtaja Lightness Fidelisi, binti wa Namtumbo, na mzee Fidelisi huko kwenye tumbaku yake akasikia. Akapiga simu kwa bintiye isipokelewe, akajisemea mtoto yuko mazoezini. Akakodi gari pamoja na majirani, akaja na jogoo kwapani wa kumzawadia. Sauti yake ilifika hadi uwanjani: "Yupi? Yupi mwanangu? Macho haya jamani! Ni yule anayefunga?"

"Ndiye yule mrefu!" wakamjibu majirani.

"Damu yangu ile!"

Biasha akafikiria kuanguka azimie. Kisha akafikiria jambo rahisi zaidi: wakifungwa, hakuna kombe, hakuna kuitwa mbele, atapita nyuma ya choo aende zake. Akaling'ang'ania wazo hilo robo yote ya nne. Zikabaki sekunde chache, Lizombe nyuma kwa pointi moja, na Beata, masikini, akampa mpira. Msichana wa Dar akamrukia kama ukuta unaoanguka. Biasha akafumba macho, akautupa ili tu uondoke.

Alijua umeingia kwa sababu ardhi ilitetemeka. Watu waliruka uzio, Thadei akakaa chini katikati ya uwanja kama mtoto, na chuo ambacho gazeti lilishindwa hata kuliandika jina lake kikawa bingwa wa taifa. Wasichana wanne walimkumbatia Biasha wakilia. Yeye alikuwa anatafuta njia ya chooni.

"Ndugu wananchi!" akanguruma mtangazaji kwenye kipaza sauti. "Tunaye baba mzazi wa shujaa wetu! Mpisheni mzee apite!"

Wakampisha. Mzee Fidelisi akaja na jogoo wake, anacheka meno yote, majirani wa Namtumbo nyuma yake. Kwa upande mwingine akaja Bwana Kajetani, bila haraka yoyote. Mzee akafika hatua moja mbele ya Biasha, na kicheko kikaganda usoni.

"Shikamoo, baba," akasema Biasha.

Mzee akamhamishia jogoo kwapa la pili. Akamtazama uso, akamtazama miguu, akamtazama tena uso. Akamwona Thadei, amekuwa kijivu. Akawaona wale wanne wameshikana mikono. Akageuka akawaona majirani zake, aliowahubiria habari ya damu yake njia nzima.

"Ni yeye, mzee?" akauliza Bwana Kajetani.

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema mwishowe. "Ndiye. Amerefuka kidogo."

Biasha akanyoosha mikono ampokee jogoo.

"Hongera sana," akasema Bwana Kajetani. "Jambo dogo tu, halafu mchukue kombe lenu. Nitahesabu hadi tatu, mnitajie kwa pamoja jina la mama."

Biasha alikuwa amekariri kozi, mwaka na chumba cha bweni. Mama hakuna aliyemkumbuka. Akamtazama mzee, mzee akamtazama yeye, na hakukuwa na nafasi hata ya kukonyezana.

"Moja. Mbili. Tatu."

"Genofeva," akasema mzee Fidelisi.

"Zainabu," akasema Biasha, na hilo ndilo neno la kweli pekee alilolitamka uwanjani pale wiki nzima.

Bwana Kajetani akaipandisha miwani yake.

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "tuanze upya. Huyu ni nani?"