Mbwa wa Mzee Ndeti Hunusa Chuma

Mnyakuzi wa kawaida Nairobi huanza na karatasi, halafu mabati, halafu mkiamka mnakuta ghorofa. Kimanzi alianza na bikoni, alama ya mpaka. Alikuwa na ploti yake halali pembeni mwa uwanja wa mtaa wa Jericho, ya kutosha banda la nyama choma na choo cha wateja, na hakuna aliyemwonea kijicho. Lakini fisi hashibi kwa kuonyeshwa mfupa mmoja. Asubuhi moja watu wakakuta ile alama ya zege iliyotenga ploti yake na uwanja imetoweka, na nyingine, mpya, nyeupe kama meno ya bandia, imechipuka katikati ya goli la upande wa juu.

"Kwani siku hizi bikoni zina miguu?" Wavinya akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye jiko la nyama.

Wavinya, binti wa marehemu mzee Ndeti, alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kiliutazama uwanja huo uso kwa uso. Hapo ndipo alipojifunzia baiskeli, hapo ndipo alipoanika nepi za bintiye Ndindi, na babake alipofariki, hapo ndipo majirani walipoketi jioni baada ya jioni kuchanga pesa za kumsafirisha akazikwe Machakos. Nyumba za Jericho ni ndogo. Mwenye harusi au msiba hana sebule nyingine. Kwa Wavinya uwanja ukienda, mtaa mzima ungebaki vyumba tu vyenye kufuli.

"Wavi, wewe shughulika na redio," Kimanzi alimjibu huku akigeuza mbavu za mbuzi wa Kiamaiko. "Uwanja hauna mama wala baba."

"Una watoto, lakini. Na wewe ni mmoja wao. Lile jino ulilipotezea wapi, si golini hapo?"

Wateja walicheka. Kimanzi akafunga mdomo, maana pengo lilikuwa bado lipo.

Watu walipiga kelele mpaka mpimaji akaletwa, mzee mmoja mkavu aitwaye Okumu, mwenye kofia ya kuchujuka na subira ya punda. Alizunguka uwanja, akatazama bikoni mpya, akakohoa.

"Mimi napima kutoka kwa alama ninayoiona," alisema. "Mkinionyesha ya zamani, nitapima kutoka kwa hiyo. Zege huvunjwa, lakini chini yake hupigiliwa chuma, na chuma hicho si rahisi kung'oka. Kitafuteni. Jumamosi nikirudi na bado sijakiona, fensi itafuata hii hapa."

Ikawa kazi. Kila mtu alijua mahali kilipo, na kila mtu alionyesha mahali pake. Shimo likachimbwa hapa, jingine pale, wazee wawili wakanuniana. Mvua ile ya El Nino nayo ilikuwa imeshageuza uwanja kuwa uji. Kufikia Jumatano walikuwa wamepata kijiko, kufuli bila ufunguo, na nusu ya jembe.

Ndipo Wavinya alipomkumbuka mbwa.

Mbwa hakuwa mbwa. Ilikuwa mashine ya kutafutia chuma, ya tangu vita vya Hitla: sahani pana ya mbao mwishoni mwa mti mrefu, sanduku la kuning'iniza kiunoni, na nyaya. Mzee Ndeti aliitumia jeshini kutafuta mabomu yaliyofukiwa, na baadaye akainunua mnadani, wenzake wakinunua makoti. Enzi zake mtaani, mtu akipoteza ufunguo au hereni kwenye nyasi, alitumwa mtoto: "Nenda kamwambie mzee amlete mbwa wake." Sasa mbwa alikuwa chini ya kitanda, amelala miaka, na panya wamezalia ndani yake.

Wavinya alimtoa, akampangusa, akamfungua kifua. Lo! Nyaya zilikuwa zimetafunwa kama miwa. Sahani ilikuwa imeliwa na wadudu ikawa mkate wa sinia, ukiigusa inabonyea. Betri yake kubwa ya zamani haikuwa ikiuzwa tena chini ya jua hili. Na zile valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama jicho la paka, kimoja kilikuwa kimekufa kabisa.

"Tumekula hasara kubwa kuliko hii," alimwambia mbwa, na kuanza kazi.

Valvu aliipata ndani ya redio kuukuu ambayo mwenyewe aliileta itengenezwe, akahamia mtaa wa Pipeline, asirudi tena. Betri alizitunga mwenyewe: zile ndogo za mraba, moja nyuma ya nyingine kama shanga, hadi nguvu ikatosha. Kapasita kavu alizitupa, akasokota waya mpya wa shaba, polepole, akiimba wimbo wa kanisani huku risasi ya kuunganishia ikitoa moshi. Badala ya visikizi vilivyooza, aliweka spika ya redio. Alitaka kila mtu asikie.

Sahani na mpini aliagiza kwa mjombake Muoki, mchongaji wa vinyago huko Gikomba. Muoki alikuja navyo Alhamisi, vimefungwa kwa gazeti. Sahani ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Mpini ulikuwa na shingo ndefu, madoa, na masikio mawili.

"Mjomba," Wavinya alisema, "hii ni nini?"

"Mpini."

"Mpini una macho?"

"Mkono wangu ukishika mti mrefu unatoa twiga, mama, nifanyeje? Shukuru hukuomba kitu kifupi, ungepata kiboko."

Basi mbwa akawa na shingo ya twiga. Wavinya akajifunga sanduku kiunoni, akavaa viatu vyake vya akala vya soko la Kariokor, akatoka uwanjani. Akawasha.

Mashine ililia. Akapeleka sahani kushoto, ikalia. Kulia, ikalia. Mbele kidogo, ikanyamaza. Akapiga hatua, ikalia tena kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Alirudi kibandani, akafungua, akachoma upya kila kiungo. Akatoka. Ikalia. Akafungua tena. Alibadilisha spika, akabadilisha valvu aliyoihangaikia, akaitukana kwa Kikamba, lugha aliyoitunzia mambo mazito.

Kimanzi alikuja na mshikaki mkononi kutazama sinema.

"Niaje, fundi! Mbwa wako ana kichaa? Mpeleke akadungwe sindano."

"Amenusa mwizi karibu, ndiyo maana."

"Jumamosi, Wavi. Nguzo zimeshafika. Nitakuachia kauwazi kadogo uchungulie."

Wavinya akazima mashine, akarudi kibandani. Usiku ule hakupata usingizi. Babake alitembea katikati ya mabomu na mashine hii ikamtunza. Leo yeye anashindwa na uwanja wa mpira?

Ijumaa mvua ikamwagika tena. Ilipopungua alitoka hivyo hivyo, mjombake akimshikia mwavuli juu ya sanduku. Karibu na goli, tope likamkamata mguu wa kulia. Akavuta. Mguu ukaja, akala ikabaki.

"Iache, tutaichimbua," Muoki alisema.

Wavinya akaendelea na akala moja, kama kuku aliyetegwa. Kushoto, mashine ililia. Kulia, kimya. Akasimama. Kushoto, kilio. Kulia, kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Aliinua mguu wa kushoto, akautazama ule wayo wa tairi. Tairi la gari! Ndani yake waya za chuma zimejipanga kama nyuzi za kikapu, na juu yake misumari ya fundi viatu. Alikuwa ametembea na chuma miguuni, akimlaumu mbwa kwa kumwambia ukweli.

Alicheka mpaka Muoki akaangusha mwavuli.

"Siku mbili, mjomba! Siku mbili namfungua tumbo mnyama mzima!"

Jumamosi, Okumu alikuja na vyombo vyake, Kimanzi akaja na vijana, nguzo, na mizingo ya waya. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'arishwa, kama mtu anayekwenda kuposa. Mtaa mzima ulitoka. Wavinya alijitokeza miguu mitupu, twiga mkononi.

"Vueni viatu!" akapiga kelele.

"Kwani tunaingia msikitini?" mmoja akauliza.

"Vua! Wote mmevaa akala za Kariokor, mtampigia mbwa kelele masikioni!"

Wakavua. Wazee, akina mama na watoto wakazirundika akala pembeni, kilima kizima cha matairi. Mtaa ukasimama topeni miguu mitupu.

Wavinya akaanza pembeni mwa banda la nyama. Hatua, sahani kushoto, sahani kulia. Kimya. Mara mlio mdogo. Kizibo cha soda. Akaendelea. Kimanzi alitembea mbele yake, kisha pembeni, kisha akafika mahali fulani nyuma ya banda lake, akasimama hapo na kukunja mikono.

Sahani ilipomkaribia, mashine ikapiga yowe.

"Sogea," Wavinya alisema.

"Nisogee kwa nini? Nimesimama kwangu."

"Inalia."

"Si ni viatu? Wewe mwenyewe umesema viatu vina chuma. Hata hivi vina misumari." Akaugeukia umati. "Mnaona? Mashine ya twiga!"

Baadhi walicheka. Alichosema Kimanzi kiliwezekana kabisa. Okumu akavua kofia yake, akajipepea.

"Basi vua, bwana," alisema. "Ni viatu tu. Wenzako wote wamevua."

Kimanzi alitazama tope. Akatazama watu. Angekataa, ingejulikana anaficha kitu; angesogea, ingejulikana zaidi. Akachagua kuvua. Alivua kimoja akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akakirusha mbali, akavua cha pili, akakirusha pia. Soksi zake zikazama.

"Haya! Piga sasa!"

Wavinya akaishusha sahani taratibu, hadi ikakaribia kugusa vidole vya miguu ya Kimanzi.

Mashine ililia kuliko mara zote. Ililia mpaka mbwa wa kweli wakaitikia upande wa Makadara.

"Kimanzi," Wavinya alisema kwa upole, "mguuni una chuma pia?"

Mtaa ulipasuka. Mwanamke mmoja alikaa chini topeni kwa kicheko. "Tarumbeta ya Yeriko hiyo!" akapaza sauti. "Ukuta bado haujajengwa na umeshaanguka!"

Vijana wa Kimanzi wenyewe ndio waliochimba, kwa sepetu walizokuja nazo kusimamishia nguzo. Zege iliyovunjwavunjwa ilitokea kwanza, kisha chuma, kimepinda kichwa mahali mtu alipokipiga nyundo akashindwa kukitoa. Okumu akapiga goti, akakipangusa kwa kidole gumba, akasimamisha chombo chake juu yake bila hotuba. Mstari ulipita palepale ulipokuwa ukipita siku zote, nyuma ya banda la nyama. Ile bikoni nyeupe ya golini aliing'oa Muoki, akasema ataichonga kitu.

Kimanzi alikuwa akitafuta kiatu chake cha pili.

"Haijaisha, Wavi," alisema. "Nina watu. Nitarudi."

Wavinya alikuwa anafungua sanduku kiunoni, anazitoa betri moja moja ili zisichoke bure.

"Rudi," alisema. "Sisi hapa hatuhami. Ila siku ukija, uje miguu mitupu, usitusumbue kuanza na viatu."

Halafu akamtundika mbwa nje ya kibanda, twiga akiangalia banda la nyama, akaenda kuchimbua akala yake.