Mokami na Mbwa wa Morotonga

Mzee Machage aliingia katika kituo chetu cha vijana pale Mugumu akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikaa kabla sijamkaribisha, akanitazama vizuri.

"Nimeambiwa hapa kuna daktari wa woga," alisema. "Yuko wapi?"

"Shikamoo mzee. Siyo daktari, ni mshauri wa watoto. Ni mimi, naitwa Elieth."

"Marahaba. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

Alishusha pumzi kama mtu aliyeuziwa ndama badala ya ng'ombe. "Haya. Mtoto mwenyewe ana kumi na mitatu. Labda mtaelewana."

Mtoto mwenyewe aliitwa Mokami, na alikuwa darasa la saba. Mwezi wa kwanza, akitoka kuchota maji, aliumwa mguuni na mbwa asiye na mwenyewe. Vijana wa kitongoji chao cha Morotonga walimuua yule mbwa siku hiyohiyo, na Mokami akapelekwa hospitali. Alichomwa sindano zote za kuzuia kichaa cha mbwa, hakukosa hata moja. Kidonda kilipona. Mtoto hakupona. Baba yake alijaribu kumpeleka shule kwa baiskeli, lakini mbwa wa Morotonga wanapenda kufukuza baiskeli kuliko chakula, na baada ya siku tatu Mokami alikataa kupanda. Sasa tulikuwa mwezi wa tano, na alikuwa na wiki sita hajaingia darasani. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa Septemba.

"Ana akili," alisema Mzee Machage, akitazama kofia yake. "Ningekuwa na mtoto mjinga nisingekusumbua."

Nilikwenda kwao kesho yake. Mama yake, Veronika, alinipa uji wa ulezi na kiti, kisha akanionyesha mlango wa chumba. Mokami alikuwa nyuma ya mlango huo, anasikiliza. Alipotoka nilimwona binti mrefu, mwembamba, amevaa sweta katika jua lile, na mifuko ya sweta ilining'inia kwa uzito. Alikuwa amejaza mawe.

"Ya mbwa?" nilimuuliza.

"Ya mbwa."

"Hata ndani ya nyumba?"

"Wanaweza kuingia."

Sikucheka, naye aliona kwamba sikucheka, na nadhani ndiyo sababu aliendelea kuzungumza. Aliniambia kwamba akisikia mbwa, hata wa mbali, moyo unamwenda mbio, mikono inakufa ganzi, na anaona kabisa meno. Nikamuuliza alikuwaje akienda shule kabla hajaacha. Hapo mama yake ndiye aliyejibu, tena kwa fahari.

"Tulikuwa tunampitisha. Kutoka hapa hadi shule kuna nyumba tisa. Akitoka tu, mimi napiga kelele, Mokami anapita. Jirani anasikia, anafunga mbwa wake, naye anaita nyumba inayofuata. Hivyo hivyo mpaka shuleni. Kitongoji kizima kilikubali. Hakuna aliyekataa."

"Ikawaje?"

"Siku moja nyumba ya Sylvester hawakuitika," alisema Mokami. "Nilisimama nikangoja. Nikarudi. Sijatoka tena."

Nilikaa na kile kikombe cha uji, moyo umeniuma. Sijawahi kuona watu wanampenda mtoto namna ile. Nyumba tisa, kila asubuhi, watu wakiacha kukamua na kupika ili mtoto mmoja apite. Na kila asubuhi mtoto yule alikuwa akisikia sauti tisa zikimhakikishia kwamba mbwa ni jambo la kutisha kweli, na kwamba amepona kwa sababu tu wamefungwa.

Jioni nilimpigia simu Dada Winfrida, muuguzi wa afya ya akili anayenisimamia kutoka Tarime. Alisikiliza hadi mwisho. "Unajua la kufanya," alisema. "Umelisoma. Sasa kalifanye polepole."

Nililolisoma ni hili, na ndivyo nilivyomweleza Mokami tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya mlango wao. Ukikimbia, hofu inashuka upesi, kwa hiyo kukimbia kunaonekana ni dawa. Lakini kesho yake hofu inarudi kubwa zaidi, maana hujawahi kuona ingekuwaje kama ungebaki. Ukibaki, inapanda, inafika juu, halafu inachoka yenyewe.

"Inachoka baada ya muda gani?"

"Yako sijui. Tutaangalia saa."

Tulichukua daftari lake la hisabati na kuandika ngazi ya hofu. Chini kabisa, picha ya mbwa kwenye simu yangu: alisema hofu yake hapo ni tatu kati ya kumi. Sauti ya mbwa akibweka, nne. Kumtazama Bosi, mbwa wa Sylvester, akiwa amefungwa, kutoka hatua hamsini: sita. Hatua thelathini. Hatua kumi. Kupita mbele ya geti la Sylvester, Bosi akiwa hajafungwa: tisa. Kwenda shule peke yake: kumi. Tukaandika pia mambo ya kujikinga, kwa sababu mbwa mgeni asiye na mtu bado ni wa kuogopwa: simama, usikimbie, usimkazie macho, ita mtu mzima. Cheti cha chanjo cha Bosi cha mwaka uliopita niliomba nikakiona kwa macho yangu.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya majirani. Veronika aliwaita wakakaa uwanjani kwake, nikawaomba waache kuitana na waache kufunga mbwa kwa ajili ya Mokami. Sylvester, mwanaume mpana mwenye sauti ya kuchungia ng'ombe, akasema:

"Yaani tumemuumiza kwa kumsaidia?"

"Mmemsaidia, mzee. Sasa amefika mahali msaada ule unamzuia."

"Siku ile sikuitika nilikuwa chooni," alisema. "Tangu siku hiyo naambiwa mimi ndiye niliyemfukuzisha shule. Hata choo sasa naingia kwa wasiwasi."

Watu walicheka, Mokami naye akacheka dirishani, na mkutano ukaisha vizuri kuliko nilivyotarajia.

Tulianza. Picha ilichukua siku moja, sauti siku mbili. Hatua hamsini kutoka kwa Bosi zilichukua wiki nzima, kwa sababu siku ya kwanza Mokami alilia na siku ya pili alitapika, na mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza kama namtesa mtoto wa watu. Siku ya tatu alisimama. Nane, alisema. Nane. Nane. Dakika ya kumi na nne akasema saba, kisha akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeishusha. Dakika ya ishirini na sita alisema nne na kuniuliza kwa nini Bosi anajikuna hivyo.

"Ana viroboto."

"Kwa hiyo hata hanifikirii."

"Nadhani hakufikirii kabisa."

Siku iliyofuata tulikwenda bila mawe. Yeye mwenyewe aliyamwaga nyuma ya jiko.

Mwishoni mwa mwezi wa sita tulikuwa tumefika hatua kumi, Bosi akiwa kwenye kamba. Ndipo gari la matangazo likapita: Alhamisi, chanjo ya kichaa cha mbwa, bure, uwanja wa shule ya msingi, kila mwenye mbwa amlete. Ni jambo la kila mwaka huku. Watoto ndio huwa wanawaleta mbwa, wawili watatu kwa kamba za katani, na uwanja unajaa kelele kutoka asubuhi.

"Alhamisi anabaki ndani," alisema Mzee Machage. "Na madirisha nafunga."

Nilikubaliana naye. Kichwani niliona mbwa mia mbili mahali pamoja, nikaona kazi yote ya wiki tano ikibomoka kwa saa moja. Nikampigia Dada Winfrida kumweleza uamuzi wetu wa busara.

"Mtoto mwenyewe amesemaje?" aliuliza.

Sikuwa nimemuuliza.

"Elieth, nani anayeogopa hapo?"

Nilirudi Morotonga jioni ileile. Mokami alikuwa anachambua mchicha. Aliniuliza kama mbwa watakuwa na kamba. Wengi, nilisema. Na wenyewe watakuwepo? Watakuwepo.

"Basi ni Bosi, ila wengi."

"Namba ngapi?"

"Tisa. Tisa na nusu."

"Unataka kwenda?"

"Sitaki." Aliendelea kuchambua. "Lakini nikibaki, Ijumaa nitajua mbwa walikuwa shuleni. Halafu nitaanza kuogopa na shule yenyewe."

Alhamisi saa tatu tulisimama kwenye kona ya uwanja, yeye amevaa sare kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, na sketi ilikuwa imemfupia. Mbwa walikuwa kila mahali, wengine wakipigana, wengine wamelala kama walioalikwa. Mokami alinishika mkono kisha akauachia, maana tulikuwa tumekubaliana kwamba kushikana kumekwisha. Tisa. Tisa. Kumi, alisema mbwa mmoja alipolia chini ya sindano. Sikumwambia kwamba hakuna shida. Nilitazama saa. Baada ya nusu saa alisema sita, na jasho lilikuwa limeanza kukauka shingoni.

Ndipo afisa mifugo akaja kwa mwalimu wa zamu, amechoka na siku bado mbichi. Mwandishi wake wa vyeti hakufika. Alihitaji mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri.

"Huyo pale," alisema mwalimu, akimwonyesha Mokami. "Hakuna anayemshinda."

Mokami alinitazama. Alitazama meza, na foleni iliyoishia kwenye miguu ya meza ile. Halafu akaenda, akitembea kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa.

"Jina la mwenye mbwa?" nilimsikia akiuliza, sauti nyembamba.

"Tomaso Mwikwabe."

"Jina la mbwa?"

"Majungu."

Aliandika. Baada ya Majungu alikuja Kamanda, kisha Popi wawili, kisha bibi mmoja mwenye mbwa wa manjano.

"Jina la mbwa, bibi?"

"Hana."

"Kila cheti kina jina, bibi."

"Huwa namwita tu toka hapo."

Mokami alifikiri. "Basi niandike Toka?"

"Andika, anaitika."

Foleni ilicheka. Nilikuwa nacheka pia pale mbwa mdogo mweusi alipochomoa shingo kwenye kamba akapita chini ya meza kwa kasi. Mokami alipandisha miguu yote miwili juu ya kiti. Watu wa kitongoji chake, kwa mazoea, wakaanza kupiga kelele mbwa wafungwe, Mokami yuko hapa. Nilimwona amefumba macho. Nilihesabu bila kutaka kuhesabu. Nilipofika kumi na saba alishusha mguu mmoja, kisha wa pili.

"Mwacheni," alisema, bila kuinua kichwa. "Anayefuata."

Mzee Machage aliwasili wakati huo akihema, fimbo mkononi. Mtu fulani alikuwa amemwambia binti yake yuko katikati ya mbwa. Alikuja moja kwa moja hadi mezani, akasimama juu yake kama ukuta, akiitafuta damu.

"Tata," Mokami alimwambia baba yake kwa heshima, "naomba usogee kidogo. Unanizibia mwanga."

Alisogea. Alikuja kusimama karibu yangu. Alitoa leso akajifuta uso, akaikunja, akajifuta tena.

"Mama yake ameacha chungu motoni amekaa njiani," alisema hatimaye. "Ngoja nimpelekee habari." Lakini hakuondoka. Alitaka kuona cheti kimoja zaidi.

Mokami aliandika vyeti mia moja na sitini na vinne. Jioni alisema hofu yake ni mbili, na njaa yake ni kumi.

Lakini shule bado ilikuwa juu ya ngazi, kwa sababu Alhamisi tulikuwa naye. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu simu yangu iliita. "Ameondoka," alisema Mzee Machage. "Peke yake. Mama yake nimemficha ndani asimfuate." Tulikuwa tumekubaliana kwamba mwalimu angenipigia mara tu Mokami akifika. Ni mwendo wa dakika kumi na tano.

Saa moja kasoro robo, hakuna simu. Saa moja, hakuna. Saa moja na dakika kumi nilikuwa nimeshavaa viatu na kuvua na kuvaa tena. Kichwani nilimwona amesimama katikati ya njia, nyuma hawezi, mbele hawezi, na hakuna wa kumwita kwa sababu mimi ndiye niliyewakataza kumwita.

Simu iliita. Alikuwa Sylvester.

"Njoo umchukue mtoto wako."

"Amefanya nini?"

"Ana nusu saa yuko getini kwangu ananisema. Jana nilikwenda mnadani, sikumpeleka Bosi. Ameniambia ameandika vyeti vyote kwa mkono wake na jina la Bosi halimo, na cha mwaka jana kimekwisha. Nimemwambia nitakwenda, anasema nitaje siku."

"Na Bosi yuko wapi?"

"Si yuko hapa, hajafungwa. Anamnusa viatu."

"Na yeye anafanya nini?"

"Nimekwambia, ananisema."

Nilikaa chini pale pale mlangoni, kiatu kimoja mkononi, na nikagundua kwamba nalia na kwamba ni vizuri tu kulia.

"Mwambie anachelewa shule," nilisema.

Nilimsikia akimwambia, na sauti nyembamba ikijibu kutoka mbali, bila haraka.

"Anasema anaenda sasa hivi," alisema Sylvester, "nikishataja siku."

"Basi mzee, taja siku."