Chumvi ya Siku ya Kumi na Saba

Mama alikula bakuli zima. Alizungusha tambi kwenye uma, akazipuliza, akazivuta mdomoni, akanywa mchuzi mpaka chini. Kisha akajifuta midomo kwa ncha ya mtandio na kusema, "Leo imekaa."

Mimi nilikuwa nimemeza kijiko kimoja tu na koo lilikuwa linaniwaka. Mchuzi ule ulikuwa chumvi tupu. Nilimtazama usoni nikitafuta utani, sikuuona. Niliona mwanamke aliyefunga kutwa, akafuturu, akashiba, akaridhika.

"Mbona huli?" akaniuliza.

"Nakula, Mama."

Nikala. Kijiko baada ya kijiko, machozi yakinitoka, nikasingizia pilipili. Ng'ambo ya barabara, wakati uleule, msikiti mzima ulikuwa umekaa chini kwa safu, ukila laksa ileile, tambi zetu za mchuzi wa samaki.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ilikuwa siku ya kumi na saba ya Ramadhani, usiku wa kuadhimisha kushuka kwa Kurani, na kamati ya msikiti ilikuwa imemwagiza mama masufuria mawili makubwa. Haikuwa heshima ndogo. Mji wetu wa Kuala Kangsar una wapishi wa laksa kila kona, na kila mmoja anaapa kwamba wengine wote walijifunzia kwake. Kamati ingeweza kumwendea yeyote. Ilimwendea Rokiah, mjane wa dereva wa lori, mwenye meza mbili na turubai moja kando ya mto.

Walimwendea kwa sababu ya pua yake.

Kupika mchana wa mfungo ni kazi ya kukisia. Mchuzi unachemka mbele yako saa nne nzima, na ulimi umefungwa. Wanazuoni wanamruhusu mpishi aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, na wapishi wengi kwenye safu yetu ya wauza futari walifanya hivyo bila wasiwasi. Mama hakufanya, kama ambavyo mama yake hakufanya, wala hakukubali mtu yeyote aliyefunga aonje sufuria lake. Yeye aliinama juu ya sufuria, akafumba macho, akavuta mvuke taratibu: samaki aliyepondwa, ukwaju, uduvi uliovundikwa, ua la tangawizi pori. Kisha akachota chumvi kwa mkono wa kulia, akaimwaga, akavuta mvuke tena. Wateja walikuja mapema kumtazama tu. Wanaume wazima walisimama kimya mbele ya meza yetu kana kwamba wanasubiri mtoto azaliwe, na mama alipoinua kichwa na kusema "Basi," walicheka kwa furaha na kuanza kupanga foleni.

Mwezi wa Rajabu aliugua homa. Alilala siku tisa, akaamka amekonda, akarudi jikoni. Nilipaswa kuona. Siku moja wali uliungua yeye akiwa amesimama hapohapo, mwiko mkononi, mimi ndiye niliyekuja mbio kutoka chumbani. Siku nyingine alimimina tui lililochacha kwenye mboga bila hata kukunja uso. Nilidhani ni uchovu. Kwa umri wangu ule, mtu akikuambia mama yako anaumwa, unauliza kwanza nani atakufulia sare za shule.

Sasa nirudi kwenye alasiri ile. Saa kumi, jua kali, moshi wa nyama za kuchoma unatambaa chini ya maturubai. Nilikuwa nakata matango. Mama aliinama juu ya sufuria la kwanza, akavuta mvuke, akatia chumvi. Akainama tena. Akatia tena. Nilimwona amesimama, kiganja kimejaa chumvi, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Kisha akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwenye biashara:

"Zawi, wewe leo unafunga?"

Sikuwa nafunga. Nilikuwa kwenye siku zangu, siku ya tatu. Sisi wasichana tuliita likizo, na likizo ile tuliificha kuliko wezi wanavyoficha mali. Nilikuwa nakunywa maji nyuma ya mlango, naondoka mezani na uso wa kiu, naamka na mama kula daku nikiwa sina haja nayo. Na pale, hatua mbili kutoka meza yetu, alikuwa amesimama Hafizi, mpwa wa Mzee Dolah muuza maji ya miwa, anazungusha mashine, mikono imetota. Hafizi alikuwa ananitazama. Au nilitaka iwe hivyo.

"Nafunga, Mama," nikasema. Kwa sauti kubwa kabisa.

Mama aliitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye sufuria. Mkono ukafunguka.

Watu wetu hawasemi. Mtu anaweza kula chakula kibovu nyumbani kwako, akakushukuru, akamwombea marehemu wako, akaenda kutapika kwake. Msikiti ule ulikula laksa ya mama mpaka masufuria yakabaki matupu, na hakuna hata mmoja aliyetia neno. Mama angeweza kuishi miaka bila kujua, kama si Mzee Dolah, ambaye hajawahi kuona ukimya asitamani kuuvunja.

Kesho yake alasiri, kabla hatujawasha moto, alipiga kelele kutoka mezani kwake:

"Bi Rokiah! Leo tia chumvi ileile, tafadhali! Nimeleta miwa ya gari zima!"

"Una nini wewe mzee?" mama akamjibu akicheka.

"Wallahi sijawahi kuuza kama jana! Na tarawehe, loh! Imamu amesoma sura fupi kuliko zote anazozijua. Kila akirukuu, anasikia nyuma mtu anameza mate. Umetuua, dada!"

Alikuwa anatania tu. Alipoona uso wa mama, kicheko kilimkatikia.

Mama aliweka chini kifuniko cha sufuria, polepole. Akalitazama sufuria, akanitazama mimi, na nikaona anarudi nyuma siku moja, anapita bakuli lake, anapita bakuli langu, machozi yangu, pilipili yangu ya uongo. Akafika. Akaanza kufungua kamba ya turubai.

"Kunja meza," akaniambia.

"Mama."

"Kunja meza, Zawi. Tumemaliza."

"Leo tu?"

Kidole kilikuwa kinahangaika na fundo, na fundo lilikuwa halifunguki, na niliona kwamba hakuwa anasema leo. Alikuwa anasema laksa. Alikuwa anasema meza zile mbili zilizonisomesha, mkono wa bibi yangu, na wanaume waliosimama kimya kumsubiri aseme "Basi." Niliona pia mabegani mwake kitu nilichokuwa sijawahi kukiona. Mama alikuwa anaona aibu.

Ni mimi niliyekuwa na ulimi jana. Nilikuwa nimesimama naye, nao umo kinywani mwangu, nikaukunja kwa ajili ya mvulana wa miwa.

"Mama, mimi sifungi," nikasema.

"Nini?"

"Sifungi! Niko kwenye siku zangu. Lete nionje."

Nilikuwa nimekusudia kusema kwa kawaida. Ilitoka kama mnada. Mashine ya miwa ilisimama. Mzee Dolah ghafla aliona kitu cha maana sana mtoni. Hafizi alianza kuosha glasi ambazo zilikuwa safi, masikio yamemwiva mpaka shingoni.

Mama aliiacha kamba. Alinishika mkono, akaniingiza nyuma ya pazia la batiki tulikowekea magunia.

"Jana uliniambia unafunga."

"Nilidanganya."

"Kwa ajili ya huyo wa miwa?"

Nikatazama magunia.

"Hata kuosha glasi hajui," mama akasema.

Nilicheka, kisha nikalia. Yeye hakulia. Alikaa juu ya gunia la vitunguu, akaniambia mambo yote kwa mpangilio, kama anayeniagiza sokoni. Tangu homa hasikii harufu yoyote, na ladha imeondoka nayo. Alidhani itarudi Shaabani. Shaabani ikaisha. Siku kumi na sita alikuwa ametia chumvi kwa mazoea ya mkono, kwa sufuria analolijua, na mkono haukumwangusha. Masufuria ya msikiti yalikuwa makubwa, mkono haukuyajua.

"Nikikukumbatia sisikii hata nywele zako," akasema. "Hilo ndilo baya. Chumvi ni chumvi tu."

Tuliwasha moto. Nilionja nyuma ya pazia, kijiko kidogo, mara tatu. "Bado, Mama. Kidogo tena. Hapo." Alinisubiri kila mara akiwa ameshika chumvi, hakuharakisha. Siku ile tuliuza bakuli kumi na nne. Iliyofuata ishirini na tisa. Watu wetu hawasemi wakichukia, na wakisamehe pia hawasemi. Wanarudi tu na vyombo vyao.

Likizo yangu ikaisha siku ya ishirini na moja.

Usiku wake sikupata usingizi nikifikiri kesho itakuwaje. Mama alikuwa ametulia, au alijifanya. Saa kumi alasiri, mchuzi ukichemka, pazia likasogezwa, akaingia Bi Senah wa meza ya jirani, yule wa chapati za kujaza nyama, unga mpaka viwikoni.

"Shoga, niazime kijiko," akasema.

Mama akampa. Bi Senah akakichovya kwenye mchuzi wetu, akaonja, akatazama juu kama anayehesabu.

"Nusu kiganja," akasema. Akarudisha kijiko, akatoka.

Pazia la batiki halizuii sauti. Alikuwa amesikia yote tangu siku ile, na aliyoyasikia Bi Senah yalikuwa yameshasikika safu nzima, upande wa wanawake. Hawakukaa kikao. Hakuna aliyetuambia kitu. Lakini kuanzia siku ile, kila alasiri alikuja mmoja kuazima kijiko: muuza kuku, muuza uji, msusi wa kona aliyekuwa hauzi chochote. Siku ambazo kila mmoja alizificha hata kwa dada zake, sasa walikuja kuzitoa kama sadaka, wanatazama chini, wanasema "ukwaju umezidi" au "hapo hapo," wanaondoka. Siku ya ishirini na tano alikuja Bi Halijah muuza kaimati, ambaye ana wajukuu tisa.

"Bibi, na wewe pia?" nikamuuliza, mdomo wazi.

"Mimi nina kisukari, mjinga wewe. Daktari amenikataza kufunga. Leta kijiko."

Na siku hiyo alikuwa amepata mafua, akatutilia chumvi pungufu, na hakuna aliyelalamika.

Siku ya ishirini na nane hakuja mtu. Hata Bi Halijah, aliyekwenda Ipoh kwa binti yake. Tulisubiri hadi saa kumi na moja. Foleni ilishajipanga. Mama alisogeza pazia, akatazama safu ya wanawake. Bi Senah akatikisa kichwa kwa mbali, kwa huzuni, kama mtu aliyefilisika.

Mama akarudi. Akanishika mabega, akaniinamisha juu ya sufuria.

"Usitafute chumvi," akasema sikioni mwangu. "Chumvi haina harufu. Msikilize samaki. Mchuzi ukiwa mbichi, samaki anapiga kelele peke yake. Tia, usikilize. Tia, usikilize. Ukiona ameanza kuelewana na wenzake, acha."

Nilivuta mvuke. Niliona samaki tu. Nikatia. Samaki. Nikatia. Mvuke uliniingia machoni, na nyuma yangu mama alikuwa hapumui. Nikatia tena, kidogo, na ukwaju ukajitokeza, ukiwa umekaa ubavuni mwa yule samaki, nikaogopa kwenda mbele.

"Basi," nikasema.

Watu wakachota, wakaondoka na futari zao.

Magharibi ilipoadhiniwa tulikuwa wawili, mezani kwetu. Tulikula tende. Mama alisogeza bakuli langu mbele yangu, lakini lake hakuligusa. Alinitazama mdomo. Nilikunywa mchuzi, nikaushikilia ulimini kwa muda. Uongo ulikuwa karibu sana, tena wa mapenzi.

"Imepungua chumvi, Mama," nikasema.

Alivuta bakuli lake, akachukua uma.

"Basi kesho utaongeza," akasema, akaanza kula.