Kengele ya Kura na Neno Alilompa Asger

...na mwaka mmoja na ushei si haba, anawaza Tove, kwa serikali isiyo na wabunge wa kutosha, nyingine hazimalizi hata baridi moja, samaki wa siki juu ya mkate mweusi hajamgusa, kengele ya kura inalia, na Preben, mnadhimu wa chama chao tawala, kasimama mlangoni mwa kantini uso umemwiva, "Tove! Bibi wee, inuka! Lilian katugeuka asubuhi hii, usipopiga kura tunaanguka!", lakini Tove leo hapigi, alishikana mkono na Asger kule hospitali alikolazwa, Asger wa upinzani, mbishi yule, na yule mkewe mpya anayepaka rangi kucha hata wodini, mwenzangu huwezi kuja kutuangusha, basi nami sitakwenda kutuokoa, kura zetu zimefutana, ndiyo desturi ya Bunge hapa Copenhagen, hakuna karatasi, neno tu... ila neno lile Tove alilitoa wakati Lilian bado yuko upande wao, sasa linahesabika, halihesabiki? "Asger mwenyewe angekuruka!" anapiga kelele Preben, angemruka? mbona siku ile Tove anamzika mumewe Holger, Asger alikaa nje ya ukumbi wa Bunge asipige kura, chama chake kikashindwa, wenzake wakamnunia hadi Pasaka... ah, lakini kivuko, mswada wa kivuko cha kisiwani kwao unapita Alhamisi, serikali ikifa leo nao unakufa, na binti yake Signe tumbo hilo, uchungu ukimshika avuke na nini, boti ya samaki? "Unamwonea haya mgonjwa, sisi je?" nyinyi je, kweli, asimame, akae, mguu mmoja unataka ngazi za kwenda ukumbini, mwingine unakataa, na hiyo kura ya kivuko walikuwa wanaitegemea kwa nani kama si kwa watu wa Asger, lini wao wametosha peke yao, tangu siku ya kwanza wanaishi kwa neno la jirani, leo akilivunja alilompa Asger, Alhamisi nani atampa lake, lakini Signe, mwanangu Signe, Mungu wangu... kengele inalia, Preben bado yuko mlangoni, "Tove, nakuomba!", na Tove, machozi yakimlenga, anajikuta amekwishavua viatu vyote viwili chini ya meza, haendi.