Maiti Aliyepumua

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini hakuwa akitazama filamu, alikuwa akizikagua. Simu huiegemeza kwenye kopo la vifungo, jicho moja kwenye pindo, jingine kwenye kioo, na filamu ikiisha, ole wake mteja wa kwanza kuingia. Ataambiwa jambazi kawatoroka polisi siku tatu na shati bado lina mstari wa pasi. Ataambiwa bibi harusi kalia kwa kwikwi na wanja haukutoka hata tone. Mama huyu hakuwa na breki mdomoni, na watu walimpendea hilo, mradi filamu isiwe yao.

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya filamu ya msiba. Maiti, aliwaambia wateja, alikuwa akipumua. Shuka inapanda, shuka inashuka, na wafiwa wanalia tu, hakuna hata mmoja wa kutimua mbio. Mtaa mzima ulicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano asubuhi akaingia binti wa kaka yake, salamu yenyewe nusu nusu, akakaa juu ya robota la vitambaa.

"Shangazi," alisema, "yule maiti ni mimi."

Fundi alikosa pa kuuweka uso. Jamani, angemtambuaje, na ile poda yote, na jicho lake moja liko kwenye pindo? Binti akaeleza kuwa hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, na Jumamosi wanachagua watu wa filamu nyingine. Alitaka kujua kama aende au aachane na mambo hayo kabisa. Kwa mama yake asingeuliza, maana mama angemsifu tu.

Shangazi alitoa mguu kwenye kanyagio. Akairudisha filamu mwanzo wa msiba, akaitazama kwa macho yote mawili, jambo ambalo hajawahi kuifanyia filamu yoyote.

"Unapumua," alisema. "Mara mbili."

Binti akainamisha kichwa.

"Sijasema haishoneki. Panda hapa."

Akamlaza kwenye meza ya kukatia. Miaka ishirini amekuwa akiwakataza wateja kupumua huku akiwapigia pini kiunoni, na anawajua wanaokosea: hujaza kifua kwanza. Akamfundisha kutoa pumzi nusu, na iliyobaki aiache chini tumboni, atulie. Kisha akamfunika kwa bitana nyeupe, akarudi nyuma hatua mbili kukagua.

Kitambaa hakikutikisika. Alitafuta kosa, hakuliona. Alichokiona ni mtoto wa kaka yake, amelala kimya chini ya kitambaa cheupe. Akaivuta bitana kwa nguvu, pini zikatawanyika sakafuni.

"Pumua, mwanangu. Pumua."

Binti akaketi, nywele timtim. "Nimeweza?"

"Umeweza mno." Shangazi alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja, wala hakujali. "Jumamosi nenda. Ila waambie wakupe mtu aliye hai. Ukifa tena mimi siangalii."